Uzee na Bei ya Dawa

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu niseme machache juu ya jambo ambalo watumishi wengi huanza kulifikiri siku ya mwisho ya kazi, hali lafaa kufikiriwa tangu siku ya kwanza. Sitasema juu ya kiinua mgongo, kwa maana habari zake zimekwisha semwa sana, na kila mtu anayo hesabu yake kichwani. Nataka kusema juu ya dawa: zile dawa ambazo mtu hazinywi akapona akaziacha, bali huzinywa apate kuishi, leo na kesho na mwezi ujao, mpaka mwisho wa siku zake.

Katika ujana wetu tulizoea maradhi ya namna nyingine. Homa ilimpata mtu, akaenda dispensari, akapewa dawa, akatoka jasho, na baada ya siku chache akarudi kazini. Maradhi yale yalikuwa kama mgeni, huja, hukaa, kisha huaga. Lakini maradhi ya uzeeni si mgeni, ni mpangaji asiyehama, tena kodi ya chumba walipa wewe mwenye nyumba. Presha ni hivyo, kisukari ni hivyo, pumu ni hivyo. Basi swali la mtu mwenye busara si kwamba dawa hii bei gani leo, bali ni bei gani kwa mwaka, na kwa miaka 20. Ni wangapi kati yetu waliokwisha fanya hesabu hiyo? Mimi sikuifanya, na ndiyo sababu naandika.

Nilistaafu mwaka jana baada ya kutumika miaka 34 katika ofisi ya Serikali hapa wilayani Kongwa. Mama yangu, aliyepita miaka 80, akaa kijijini, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli kutoka barabara kuu. Ana presha kwa miaka mingi. Nilipokuwa kazini dawa zake hazikunipa taabu, kwa maana jina lake lilikuwamo katika kadi yangu ya bima. Utaratibu tuliouzoea wenzangu mwaujua. Kwa sheria ya mwaka 1999 iliyoanzisha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, mtumishi alikatwa asilimia 3 ya mshahara wake, na mwajiri akatia asilimia 3 nyingine, na mtumishi akaweza kuandikisha mwenzi wake pamoja na wategemezi 4, wazazi wakiwa katika hesabu hiyo. Akistaafu, aliendelea kutibiwa yeye na mwenzi wake pasipo kukatwa kitu. Hilo ni jema, na tulishukuru. Lakini mzazi hakuwamo tena.

Tazameni basi jinsi hesabu inavyokwenda. Mtumishi hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Mzazi wake, kama yu hai, ana miaka 80 au zaidi, na huo ndio wakati dawa zake zinapozidi kuwa nyingi. Kwa hiyo siku ile ile mapato ya mtoto yanapopungua, ndiyo siku mzigo wa mzazi unapomrudia mabegani. Jambo hili halikufichwa. Nilikuwa na muda wa kutosha kumtafutia mama njia nyingine, nami sikuitafuta. Nilisema, "Tutaona mbele." Kosa hilo ni langu, wala simtwiki mtu mwingine.

Mwezi wa nne tangu kustaafu nilikwenda kumtazama. Nilipokuwa nikitafuta koleo, nikakuta chini ya kitanda kopo la maziwa, na ndani yake vidonge vya presha vimefungwa katika kipande cha kanga. Nikavihesabu, vikapita 50. Nikamwuliza, "Mama, hivi ni vya nini?" Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, wewe sasa huna mshahara. Siku ninayojisikia mzima sivinywi, navitunza." Alivitunza kama watu wa huku wanavyotunza mbegu ya mtama, kwa kuwa mwaka wa njaa waweza kuja wakati wo wote. Kesho yake nilimpeleka kituo cha afya. Mganga alimpima mara tatu, akakuta 190 kwa 110, hali mtu akifika 140 kwa 90 mara kwa mara huhesabiwa kuwa ana presha. Na mama hakuwa na maumivu yo yote.

Jambo hili sharti lieleweke na kila nyumba. Presha mara nyingi haiumi. Mtu akijisikia mzima, huenda ni kwa sababu dawa inafanya kazi yake. Naye hudhani kwamba dawa haina kazi tena, akaiacha. Mishipa huendelea kuharibika kimya kimya, mpaka siku mkono mmoja na mguu mmoja vinapokataa kutii, au figo zinapochoka. Mbegu iliyotunzwa huota, lakini kidonge kilichotunzwa hakimfai mtu. Wazee walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mama yangu hakuficha maradhi, alificha umaskini wetu.

Je, mzee wa namna hii hana haki? Anayo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimhesabu mzee kuwa ni mtu aliyefika miaka 60, na Sera ya Afya ya mwaka 2007 ikaagiza kwamba wazee wasio na uwezo watibiwe bure. Wazee wengi wamepewa vitambulisho vya matibabu, na katika hospitali nyingi liko dirisha lao, wasikae mstarini pamoja na vijana. Nayasifu haya yote kwa moyo. Lakini mzee akiisha kupishwa mbele, akapimwa, akaandikiwa dawa, kisha akaambiwa kwamba dawa hiyo haipo, akanunue nje, msamaha wake umekwisha pale pale dirishani. Ni sawa na kupewa ruhusa ya kuteka maji katika kisima kikavu, na sisi wa nchi hii ya ukame twajua vizuri kisima kikavu ni kitu gani.

Tena huko nje ndiko kwenye shida yenyewe. Nimesimama mara nyingi katika duka la dawa nikamsikia mzee akiulizwa, "Mzee, nikupe za shilingi ngapi?" Naye hutaja fedha aliyo nayo, akapewa vidonge vya siku tano. Hapo aamuaye kipimo cha dawa si daktari, ni mfuko wa koti.

Wako watu wasemao kwamba nchi yenye wakulima wengi na fedha chache haiwezi kumpa kila mzee dawa ya kila siku mpaka kufa kwake. Nawajibu kwa mambo matatu, na mawili katika hayo yametokea hapa hapa kwetu.

La kwanza ni trakoma, ugonjwa wa macho ambao wengi huuita vikope. Tangu miaka ya 1980 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, pamoja na wenzao wa Tanzania, waliuchunguza ugonjwa huu katika vijiji vya Kongwa, hata jina la wilaya yetu likasomwa katika vitabu vya waganga wa dunia nzima. Trakoma humwanza mtu utotoni, humrudia mara nyingi, na uzeeni kope zake hugeuka ndani zikakwaruza jicho mpaka likapofuka. Wanawake ndio waumiao zaidi, kwa kuwa wao ndio wakaao na watoto. Uchunguzi wa hapa Kongwa uliotangazwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba kuwaosha watoto nyuso kila siku, pamoja na kuwatia marhamu ya tetrasiklini, kulipunguza trakoma kali. Lakini marhamu ile ilitakiwa kutiwa jichoni kila siku kwa wiki 6, na watu walichoka. Ndipo ikaja azithromisini, dawa ya kumezwa mara moja, iliyokuwa ghali kupita uwezo wa mkulima. Tangu mwaka 1999 kampuni ya Pfizer iliitoa bure kwa ajili ya Tanzania, ikagawiwa na wanakijiji wenyewe waliofundishwa kazi hiyo, nao walimpima mtoto kimo kwa fimbo wapate kujua kipimo cha dawa yake. Hakuna aliyeulizwa ana shilingi ngapi. Basi wasituambie kwamba dawa ya bei haiwezi kufika katika nyumba ya mwisho ya kijiji. Ilifika, tulioishi huku tuliiona.

La pili ni dawa za Ukimwi. Hizi si za kumezwa mara moja. Ni za kila siku maishani, kama za presha. Tangu mwaka 2004 zimetolewa bure katika nchi yetu, na mgonjwa ambaye hali yake imetulia hupewa dawa za miezi kadhaa kwa mara moja, asipoteze nauli na siku za kulima. Kwa hiyo hata utaratibu wa dawa ya maisha tunao, na waganga wetu wamekwisha uzoea.

Najua nitakayojibiwa: kwamba mambo haya mawili yalisimama kwa sadaka ya watu wa nje. Ni kweli, wala sibishi. Mwezi wa Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, watu wengi katika Afrika walitambua kwamba dawa inayotegemea moyo wa mtu wa mbali yaweza kusimama kwa saini moja. Lakini ndiyo sababu nataja jambo la tatu, ambalo halikuwa sadaka ya dawa bali maarifa ya kununua.

Mwaka 2014 vituo vya afya vya mkoa wa Dodoma vilikuwa vya kwanza kuanza utaratibu ulioitwa Jazia. Kabla ya hapo, dawa ilipokosekana katika Bohari ya Dawa, kila kituo kilihangaika peke yake, kikanunua kidogo kidogo katika duka hili na lile, kwa bei ya duka. Kwa Jazia, mkoa mzima ulimchagua mshitiri mmoja kwa mkataba, na bei zikakubaliwa mbele. Kituo kikikosa dawa Bohari, kikajazia kwake. Kufika mwaka 2018 utaratibu huo ulikuwa umeenezwa Tanzania Bara yote. Hilo ni fundisho kubwa. Mnunuzi mmoja mwenye kibaba huuziwa kwa bei ya kibaba, lakini wanunuzi mia wakiunganisha vibaba vyao huuziwa kwa bei ya gunia. Watu wa Kibaigwa, wenye soko kubwa la mahindi, hawahitaji kufundishwa hesabu hii.

Kwa hiyo maombi yangu kwa wakubwa wetu ni matatu. Ombi la kwanza, kila zahanati na kituo kiwe na daftari la wazee wenye maradhi ya kudumu, na dawa ziagizwe kwa kufuata daftari hilo. Homa haitabiriki, mwaka wa mvua nyingi huja na malaria nyingi, na mwaka wa kiangazi ni mwingine. Lakini mzee anayemeza kidonge kimoja kila siku atameza 365 kwa mwaka, wala hesabu hiyo haibadiliki. Katika dawa zote hizi ndizo rahisi kuzihesabu kabla, kwa hiyo haifai kabisa zikosekane kwa madai kwamba hazikutazamiwa.

Ombi la pili, mzee ambaye presha yake imetulia apewe dawa za miezi miwili au mitatu katika zahanati iliyo karibu naye. Mzee atokaye Mkoka au Hogoro kwa ajili ya vidonge 30 huenda akalipa nauli kubwa kupita bei ya vidonge vyenyewe, na nauli nayo ni bei ya dawa, ingawa haiandikwi katika risiti.

Ombi la tatu ni juu ya bima. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi wa Novemba 2023, nasi tuliifurahia. Naomba katika kuitekeleza atazamwe mzazi wa mstaafu, asianguke katika ufa ulio kati ya kadi ya mtumishi na msamaha wa maskini. Kwa maana hesabiwi kuwa maskini, ana mtoto aliyekuwa na mshahara, wala hana bima, mtoto huyo amestaafu. Tena mkulima apewe nafasi ya kulipa baada ya mavuno. Mfuko wa Afya ya Jamii ulipotengenezwa upya mwaka 2018, kaya isiyozidi watu 6 ilitakiwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Fedha hiyo mkulima wa alizeti anayo mwezi wa Julai. Ukimwomba mwezi wa Januari, hali jembe li shambani na ghala limekwisha, hakosi nia, hukosa shilingi.

Nimesema juu ya wakubwa. Sasa niseme juu yetu wenyewe, kwa kuwa si haki kulaumu paa la jirani na letu linavuja.

Kwanza, tupimwe mapema. Hapa Kongwa twakaa juu ya kaburi la kazi kubwa. Mwaka 1946 wataalamu wa Kiingereza walizunguka Tanganyika wiki chache tu, na mwaka 1947 miti ikaanza kung'olewa ili karanga zipandwe. Mvua haikupimwa vya kutosha, udongo haukupimwa vya kutosha, na mwaka 1951 mpango ule ukaachwa baada ya mamilioni ya pauni kupotea. Mtu afikaye miaka 60 pasipo kupima presha wala sukari afanya kama wao: aingia katika uzee hajui mvua yake. Tangu miaka 40 mtumishi apimwe walau mara moja kwa mwaka.

Pili, tujue majina ya dawa. Dawa moja yaweza kuwa na jina lake la asili, kama amlodipini au metformini, na majina mengi ya biashara yaliyobandikwa na watengenezaji. Huenda bei zikapishana sana, na dawa iliyo ndani ni ile ile. Mwulize daktari akuandikie jina la asili, na ukifika dukani uulize kama ipo ya bei nafuu yenye jina hilo na nguvu hiyo hiyo. Kuuliza si aibu. Aibu ni kununua ya ghali nusu dozi, hali ya nafuu ungeipata dozi kamili.

Tatu, kila uendapo kutibiwa, tia dawa zako zote katika mfuko, hata za miti shamba, umwonyeshe daktari. Mzee mmoja huweza kutibiwa mahali patatu na kuandikiwa dawa tatu za kazi moja. Mwulize ni ipi yaweza kupunguzwa. Lakini apunguzaye awe yeye, si wewe. Na dawa za maumivu ya viungo, kama diklofenaki na ibuprofeni, zisinunuliwe ovyo, kwa kuwa zaweza kupandisha presha na kuumiza figo. Wazee wengi hununua kwa mkono mmoja dawa ya kushusha na kwa mkono wa pili ya kupandisha.

Nne, tutazame chungu. Mlenda ni chakula chetu, wala sitamkataza mtu. Lakini magadi na chumvi vikizidi humwongezea presha mgonjwa. Punguzeni vyote viwili. Na mwenye sindano ya insulini asiye na friji, iliyokwisha funguliwa aihifadhi mahali pa baridi, katika chungu kilichowekwa ndani ya chungu kingine chenye mchanga mbichi kati yake, isipigwe na joto.

Tano, na hili nawaambia hasa wenzangu mnaokaribia miaka 55: andikeni katika karatasi majina ya wazazi wenu walio hai, dawa wanazokunywa, na bei yake kwa mwaka, kisha mtafute njia yao kabla ya barua ya kustaafu kuja. Matawi ya chama chetu nayo yaweza kuweka mfuko mdogo, kila mwanachama akatoa kiasi kidogo kila mwezi, ili kuwaandikisha katika bima wazazi wa wale waliostaafu. Twachangia harusi, twachangia matanga. Haifai mtu achangiwe sanda kwa haraka na watu wale wale ambao hawakumchangia kidonge.

Mama yangu sasa anywa dawa zake kila siku asubuhi. Nimempa mjukuu wake kazi ya kuzihesabu, na kila Jumapili huniletea hesabu kwa simu. Mwezi uliopita presha yake ilikuwa 142 kwa 88. Lile kopo la maziwa nimelichukua mimi, nalo li juu ya meza hii ninapoandika. Sikulichukua kwa kumwonea haya mama; nimeliweka linikumbushe kwamba mzee alinyamaza asinitie hasara, na mimi mtoto wake, mwenye kusoma na kuandika, sikumwuliza.

Nangoja maoni ya wenzangu wa matawi mengine, na mwenye njia iliyo bora kuliko hizi nilizozitaja asisite kuileta.

Mimi wako,
Mstaafu wa Kongwa